Je, Wajua? Lugha Zinazokutana Magindu

Je, wajua kwamba mto unaoinywesha Dar es Salaam una ukoo wa lugha wenye jina lake? Ni Ruvu. Maji yake yanasukumwa kutoka mitambo ya Ruvu Juu, Mlandizi, na Ruvu Chini, Bagamoyo, na mkazi wa Magomeni anayefungua bomba alfajiri hana habari kwamba wanaisimu, walipotafuta jina la kuwakusanya Kizaramo, Kikwere, Kidoe, Kikutu, Kikami, Kiluguru na jamaa zao, waliazima jina la mto huo. Kata ya Magindu, katika Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha, pande zinazopakana na Kisarawe, imo ndani kabisa ya eneo la lugha hizo. Anayetaka kuijua dunia kwa lugha zake anaweza kuanzia hapo.

Je, wajua kwamba Kizaramo hakikutoka kwenye Kiswahili, wala Kiswahili hakikutoka kwenye Kizaramo? Lugha za Kibantu za pwani ya kaskazini-mashariki zimegawanywa katika matawi manne: Sabaki, Seuta, Ruvu na Upare. Kiswahili kimo katika tawi la Sabaki, ambalo nalo limepewa jina la mto, ule unaoingia baharini karibu na Malindi nchini Kenya. Wenzake humo ni lugha za Wamijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Kizaramo kimo katika Ruvu. Kizigua, Kishambaa na Kibondei vimo Seuta. Kwa hiyo Mgiriama wa Kilifi ana undugu wa karibu zaidi na Kiswahili kuliko Mzaramo aliyezaliwa Kisarawe, ingawa huyu wa pili amekisikia Kiswahili tangu yuko mgongoni. Wale wanaopenda kusema kwamba lugha za bara la Pwani ni "Kiswahili kilichopinda" wanamwita binamu mtoto.

Je, wajua kwamba Kizaramo kina msimbo kama gari? Ni G33. Kikwere ni G32, Kiluguru G35, Kikami G36, Kikutu G37. Aliyepanga orodha hiyo ni Malcolm Guthrie wa London, aliyeligawa eneo lote la Kibantu kwa herufi na tarakimu. Kiswahili alikiweka G40, jirani kabisa na Kizaramo, na Kigiriama akakitupa E72. Msimbo wake ulitazama ramani kuliko damu, na watafiti waliokuja baadaye wakalazimika kuunganisha alichokuwa amekitenganisha. Hata hivyo, tarakimu zenyewe zimebaki hadi leo kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kujifunza nyingine.

Mwaka 1869 Edward Steere, mmisionari Mwingereza wa Unguja ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha kijitabu cha maneno ya lugha tatu ambazo hazikuwa zimewahi kuchapishwa: Kigindo, Kizaramo na Kingazija. Mwaka 1897 Mjerumani aitwaye Worms akatoa muhtasari wa sarufi ya Kizaramo. Yaani Wazaramo walikuwa na sarufi iliyochapishwa kabla reli haijafika kwao.

Je, wajua Wakwere wanajiitaje? Wang'hwele. Sauti hiyo ya pumzi inayotokea puani, inayoandikwa mh, nh au ng'h, haimo katika Kiswahili, ndiyo maana karani wa mjini aliandika "Kwere" akaendelea na kazi. Lakini panda treni uelekee bara: utaikuta kwa Wakaguru, utaikuta Ugogo, na utaikuta Unyamwezini na Usukumani, ambako mtu hukujulia hali kwa kusema *mhola*. Mstari mmoja wa sauti unakata nchi nzima, na hakuna ramani ya shule inayouonyesha.

Tuondoke Kibaha kidogo.

Dunia ina lugha zinazokaribia au kuzidi 7,000, ikitegemea nani anahesabu. Papua New Guinea peke yake ina zaidi ya 800, katika eneo lisilofika nusu ya Tanzania. Tanzania ina zaidi ya 120. Vanuatu, visiwa vya Pasifiki vyenye watu kama 300,000, ina zaidi ya 100. Upande wa pili wa mizani, lugha 23 tu zinatosha kuwa lugha mama za nusu ya binadamu wote.

Je, wajua kwamba mvua inahusika? Katika miaka ya 1990 mtafiti Mwingereza Daniel Nettle aliweka ramani za lugha juu ya takwimu za hali ya hewa, akaona kwamba mahali ambapo mazao yanaweza kuota miezi mingi ya mwaka, lugha ni nyingi na zimebanana; mahali pakavu, lugha ni chache na kila moja imetanda mbali. Maelezo yake ni ya mtu anayejua njaa. Kijiji kinachovuna muhogo, mpunga na ndizi bila kukosa hakina haja ya kuwabembeleza watu wa mbali, hivyo kinaweza kuzungumza cha kwake kwa karne nyingi. Anayeishi panapokauka lazima awe na jamaa mwendo wa siku kumi kutoka kwake, wa kumpokea mvua ikigoma. Jamaa huyo ni lazima muelewane.

Lipime dai hilo kwa nchi yetu. Mlima Kilimanjaro una mvua, una migomba, una mabonde yanayotenganisha kihamba na kihamba, na Kichaga chake kimegawanyika kiasi kwamba mtu wa Rombo na mtu wa Machame wakikutana Moshi mjini huona heri wazungumze Kiswahili. Kwa upande mwingine, Kimaa, lugha ya Wamaasai na jamaa zao, kimeenea kutoka kwa Wasamburu, karibu na Ziwa Turkana, kikateremka nchi kavu yote hadi Kiteto na kufika mpaka Usangu, na wasemaji wa ncha hizo mbili bado wanatambuana. Sehemu zenye milima na mito ya kudumu katika ukanda wa Ruvu nazo zinatii: kutoka Bagamoyo hadi miteremko ya Uluguru, kwa basi la asubuhi moja, unavuka lugha tano au sita.

Halafu Rwanda na Burundi zinaharibu hesabu. Nchi hizo zina mvua, zina udongo mwema, zina vilima visivyohesabika. Kwa kanuni ya Nettle zilipaswa kuwa na lugha hamsini. Kila moja ina moja, na hizo mbili zenyewe zinaelewana. Kilichopita hapo ni ufalme. Mtawala aliyekusanya kodi na askari kilima hadi kilima alihitaji amri zake zieleweke, na baada ya karne kadhaa vilima vikawa na ulimi mmoja. Mimi ningeongeza hilo kwenye kila ramani ya mvua: andika pia nani alitawala, na kwa muda gani. Papua New Guinea haikuwahi kuwa na mfalme wa namna hiyo.

Je, wajua kwamba ukifika Kigoma, mwisho wa reli, unasikia lugha iliyo jirani ya karibu ya Kirundi? Ni Kiha, na katika orodha ya Guthrie kinakaa kundi moja na Kinyarwanda na Kirundi. Mpaka wa nchi uliochorwa na wakoloni unapita katikati ya watu ambao bibi zao husalimiana bila mkalimani.

Reli yenyewe ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Uzaramo na Ukwere, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Ukiisoma kwa masikio inakwenda hivi: Kizaramo na Kikwere, Kiluguru, Kikaguru na Kisagara, Kigogo, Kinyamwezi, Kiha. Zote ni za Kibantu, na bado kuna mambo yanayobadilika njiani. Kikaguru, kama Kiswahili, hakina toni. Kupandisha au kushusha sauti hakugeuzi maana ya neno. Hilo ni jambo la nadra katika Kibantu, ambako lugha nyingi, Kigogo kikiwemo, bado zina toni. Mwanafunzi wa Kiswahili anayedhani kutokuwa na toni ndiyo hali ya kawaida amezaliwa upande wenye lugha za ajabu.

Kuhusu Kiluguru, Mtanzania Daniel Mkude alikwisha andika juu ya sintaksia yake mwaka 1974. Na aliyeandika makala maarufu juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940 alikuwa mtaalamu wa ndege: R. E. Moreau, aliyekuwa akifanya kazi Amani, Usambara. Ndege ndio waliompa jina, lakini alisikia pia jinsi Mnyamwezi na Mzaramo wanavyotukanana msibani bila mtu kukasirika. Utani huo umeshikana na historia ya misafara iliyotoka bara kuja Bagamoyo na kurudi. Wapagazi walihitaji kupita katika nchi za watu, kulala na kuzika wenzao humo. Njia hizo hizo ndizo zilizokipeleka Kiswahili Tabora na Ujiji kabla ya shule yoyote ya Mjerumani.

Burton na Speke, walipotoka pwani mwaka 1857, walipita Uzaramo wakifuata bonde la mto waliouita Kingani. Ni Ruvu huo huo. Ukikutana na Kingani kwenye ramani ya zamani usiutafute mto mwingine.

Sasa turudi Kibaha, maana hapa pana jambo ambalo ramani za rangi rangi haziwezi kulisema.

Ramani ya lugha ya ukutani hupaka Uzaramo rangi moja, Ukwere rangi nyingine, na Umaasai rangi yake kule kaskazini, mbali. Nenda kwenye mnada wa ng'ombe popote katika Pwani ya ndani, Kibaha au Chalinze, uone kama rangi hizo zinatulia. Utakuta Kimaa kinazungumzwa hatua kumi kutoka kwa mama lishe anayejibu kwa Kikwere na kutoza kwa Kiswahili. Wengi huona hilo ni jambo la juzi, la wafugaji waliohamia. Si lote. Waparakuyo, ambao ni wasemaji wa Kimaa na zamani waliitwa Wakwavi, wamekuwa wakichunga katika nyika za Bagamoyo na Morogoro tangu karne ya 19. Wakati treni ya kwanza inapita, wao walikuwapo.

Wengine kweli ni wa baadaye. Mashamba makubwa ya ngano yaliyoanzishwa Hanang kwa msaada wa Kanada yaliwaondolea Wabarabaig malisho yao mazuri, na baadhi wakateremka na mifugo kuelekea Morogoro na Pwani. Mwaka 2006 Serikali iliwaondoa wafugaji Usangu, Mbeya, wakaelekezwa mikoa ya kusini kama Lindi, na wengine wakaishia njiani. Kila ng'ombe aliyeswagwa alikuja na lugha ya mchungaji wake.

Na je, wajua kwamba Mmaasai na Mbarabaig, ambao mtu wa mjini huwaweka kapu moja kwa sababu ya shuka na fimbo, hawaelewani kabisa kwa lugha zao? Kimaa ni cha tawi la Kinailo cha mashariki, na jamaa zake ni Kiturkana, Kiteso na Kibari cha Sudan Kusini. Kidatoga, lugha ya Wabarabaig, ni Kinailo cha kusini, na jamaa zake ni Wakalenjin wa Kenya. Umbali kati ya lugha hizo mbili unazidi sana ule ulio kati ya Kizaramo na Kiswahili. Wakitaka kuulizana bei ya ndama watatumia lugha ya tatu, na ninyi mnaijua. Weka pembeni yao Mjaluo wa Rorya, ambaye lugha yake ni Kinailo cha magharibi, na matawi yote matatu ya Kinailo yatakuwa yamekaa kwenye benchi moja.

Je, wajua kwamba Tanzania hutajwa katika vitabu kuwa nchi ya pekee yenye familia zote nne za lugha za Afrika? Mgawanyo huo wa nne ulisimikwa na Mmarekani Joseph Greenberg katika kitabu cha mwaka 1963. Kibantu kinawakilisha Niger-Kongo. Wamaasai, Wadatoga na Wajaluo ni Nilo-Sahara. Wairaqw wa Mbulu, Wagorowa, Waalagwa na Waburunge ni Wakushi, tawi la familia ya tatu, kwa hiyo lugha zao ni ndugu wa mbali wa Kisomali na hata, kwa mbali zaidi, wa Kiarabu. Familia ya nne aliiita Khoisan, akaingiza humo Wasandawe wa kaskazini mwa Dodoma na Wahadza wa Ziwa Eyasi kwa sababu wanatumia vidoko, sauti za kugonga ulimi zinazojulikana zaidi kusini mwa Afrika.

Hapo watafiti wa leo wanasita. Kidoko peke yake si cheti cha kuzaliwa. Kihadza, chenye wasemaji kama 1,000, hakijaweza kuunganishwa na lugha yoyote duniani, kama Kibaski cha Ulaya. Basi hesabu ya nne huenda ni tano, au zaidi, na sifa ya Tanzania inazidi kunona.

Ushahidi kwamba kidoko hakitoshi uko Kenya, kwenye pwani ya Lamu na Tana. Wadahalo, waliobaki wasemaji mia chache, wana vidoko katika maneno machache ya lugha ambayo huwekwa kwenye kundi la Kikushi.

Ajabu nyingine iko Lushoto. Wambugu wa Usambara wana lugha mbili zenye sarufi moja: viambishi, ngeli na mpangilio wa sentensi ni vya Kibantu, vinavyofanana na Kipare. Katika moja, maneno nayo ni ya Kibantu. Katika nyingine, iitwayo Kima'a (si Kimaa cha Wamaasai), maneno mengi yana asili ya Kikushi. Mtu huyo huyo huchagua avae maneno gani kulingana na anayezungumza naye. Mholanzi Maarten Mous aliiandikia kitabu mwaka 2003, na wanaisimu wanaopenda kila lugha iwe na mzazi mmoja hawajawahi kuifurahia.

Haya, ya haraka haraka. Kirotokas cha kisiwa cha Bougainville kinaandikwa kwa herufi 12 tu. Kiubykh cha Caucasus kilikuwa na konsonanti zaidi ya 80, na msemaji wake wa mwisho, Tevfik Esenç, alifariki Uturuki mwaka 1992. Kiasaksi, lugha ya Kikushi ya wawindaji wa kaskazini mwa Tanzania, kilizimika katika karne ya 20 wasemaji wake walipohamia Kimaasai. Hakikuuawa na Kiingereza wala Kiswahili. Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa lugha za alama duniani ni zaidi ya 300, na hazifuati mipaka ya lugha za kusemwa: kiziwi wa Uingereza na kiziwi wa Marekani hawaelewani kwa alama. Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, iliwekwa tarehe 7 Julai kwa sababu ndiyo siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954.

Je, wajua ni Wazaramo wangapi wanaozungumza Kizaramo leo? Hakuna anayejua kwa uhakika, na kuna sababu. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho Tanzania kumuuliza mtu kabila lake. Tangu hapo karani anayegonga mlango Magindu anauliza umri, elimu, choo, paa na kama unajua kusoma na kuandika, lakini haulizi bibi yako alikubembelezea lugha gani. Uamuzi huo wa kisiasa ulikuwa na hekima yake. Gharama yake ni kwamba takwimu za wasemaji wa lugha zetu ni makadirio, na ndiyo maana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Mradi wa Lugha za Tanzania, uliotoa atlasi ya lugha hizo mwaka 2009. Ukimwona mtu anataja idadi ya wasemaji wa Kikwere hadi tarakimu ya mwisho, muulize aliipata wapi.

Na Wazigua? Hao ni wa Seuta, majirani wa kaskazini wa ukoo wa Ruvu, na kwao ni Handeni. Katika karne ya 19, wakati wa njaa, baadhi yao walichukuliwa utumwani wakauzwa kusini mwa Somalia. Waliotoroka walijikusanya katika misitu ya Mto Juba, wakalima, na wakaendelea kuzungumza Kizigua kwa zaidi ya miaka mia moja wakiwa wamezungukwa na Kisomali. Vita vya mwaka 1991 viliwatawanya tena. Wengine walirudi Tanzania wakapewa makazi Chogo, katika Handeni ile ile, wakakuta wenyeji wanaowaelewa. Wengine walipitia kambi za Kenya, na kuanzia mwaka 2003 Marekani ikawapokea pamoja na maelfu ya Wabantu wengine wa Somalia. Lugha ya Handeni sasa ina wasemaji waliozaliwa Marekani.